Miaka 50 ya kuchungulia taya, na drip iliyoipiku darubini

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 50 tangu daktari wa upasuaji wa kinywa wa Japani, Masatoshi Ohnishi, achapishe maelezo ya namna alivyopenyeza darubini nyembamba mbele ya sikio na kutazama ndani ya kiungo cha taya bila kukipasua. Sikuona gazeti la kwetu lililoikumbuka habari hiyo, wala sishangai. Goti lina mashabiki wake, maana wachezaji mpira huumia magoti hadharani. Taya hukwama chumbani, alfajiri, mtu akipiga mwayo, na mwenyewe hudhani ni jino au sikio.

Kiungo chenyewe si kigumu kukipata. Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, fungua kinywa, kisha funga: kile kinachoteleza chini ya kidole ndicho. Kichwa cha mfupa wa taya la chini hukaa katika kishimo cha fuvu, na kati yao kuna kisahani cha nyuzi ngumu kinachosogea pamoja na mfupa kila mtu anapotafuna au kuongea. Kisahani kikihama, kiungo huanza kualika. Kikigoma kabisa, kinywa hakifunguki. Mtu mzima mwenye afya hufungua kinywa milimita 40 au zaidi, yaani upana wa vidole vitatu. Aliyekwama huishia 25 hivi, na chakula chake kinakuwa uji.

Hatua za mwanzo za tiba yake zinajulikana, nami nitazipitia mbio. Mafunjo ya Misri yanayoitwa ya Edwin Smith, yenye umri wa takriban miaka 3,600, yanaeleza jinsi ya kurudisha taya lililotoka: vidole gumba ndani ya kinywa, vidole vingine chini ya kidevu, kisha sukuma. Hippocrates alifundisha jambo hilohilo, na daktari wa zamu hafanyi tofauti sana leo. Mwaka 1887 Thomas Annandale wa Edinburgh aliandika juu ya wagonjwa wawili aliowapasua na kukishona kisahani mahali pake. Kisha akaja James Costen, daktari wa masikio wa St. Louis, ambaye mwaka 1934 alieleza habari za wagonjwa 11 wenye maumivu ya sikio, kizunguzungu na kelele kichwani, akasema chanzo ni kukosa magego: taya linapanda juu mno na kubana mishipa ya fahamu. Mwaka 1948 mtaalamu wa anatomia wa Chicago, Harry Sicher, alionyesha kwamba viungo vya mwili havijapangwa vile Costen alivyodhani. Jina la Costen liliendelea kuandikwa kwenye mafaili ya wagonjwa kwa miongo mingine kadhaa. Mwaka 1969 Daniel Laskin, naye wa Chicago, akawaambia wenzake waache kukikodolea macho kiungo na waitazame misuli, kwani wengi wa wagonjwa hao walikuwa wakiuma na kusaga meno kwa msongo wa mawazo.

Darubini ina ukoo mwingine kabisa, na ukoo huo ulianzia gotini. Mwaka 1918 Kenji Takagi wa Tokyo alichukua chombo cha kuchungulia kibofu cha mkojo akakiingiza katika goti la maiti. Alikuwa na sababu ya Kijapani. Kifua kikuu cha goti kiliwaacha watu na magoti yasiyokunjika, na katika nchi ambako mtu hula na kupokea wageni akiwa amekaa sakafuni, goti gumu ni aibu ya kila siku. Msomaji anayekula mkekani hahitaji kuelezwa zaidi. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliendeleza kazi hiyo akivipa vyombo vyake namba badala ya majina. Namba 21, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiyo iliyoufanya uchunguzi wa goti kwa darubini uenee duniani. Namba 24, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilitumia uzi wa kioo, na kipenyo chake kilikuwa milimita 1.7 tu. Hapo ndipo kiungo kidogo kama cha taya, ambacho nafasi yake ya juu hubeba mililita moja hivi ya maji, kilipofikika.

Ohnishi alikuwa wa kwanza kuupita mlango huo. Lakini aliandika kwa Kijapani, na Ulaya na Marekani hazikuwa na haraka ya kusoma Kijapani. Ilichukua karibu miaka kumi, pamoja na kazi ya Ken-Ichiro Murakami wa Kyoto na wenzake, kabla jambo hilo halijavuka bahari. Mwaka 1985 Wasweden wawili, Anders Holmlund na Göran Hellsing, walitoa vipimo vinavyotumika hadi leo: chora mstari kutoka kijinyama cha mbele ya sikio hadi pembe ya jicho, nenda mbele milimita 10, shuka 2, choma hapo.

Katika miaka hiyo kumi ya ukimya, Marekani ilikuwa imeshika njia nyingine.

Teflon ya senti tano

Mwishoni mwa miaka ya 1970 picha za eksirei zilizopigwa baada ya kuingiza dawa ndani ya kiungo ziliwaonyesha madaktari wa Marekani kitu walichokuwa wakikihisi tu. Kisahani kilionekana waziwazi kimetoka, kimesimama mbele ya mfupa, kimeziba njia. Kuona ni kuamini, na kwa daktari wa upasuaji kuona ni kutaka kurekebisha. Wakaanza kufungua viungo na kuvishona visahani virudi mahali pake. Kisahani kilichochakaa kilikatwa kikatupwa, na pengo likahitaji kitu cha kulijaza.

Kitu hicho kilitoka Houston, Texas, katika kampuni ya Vitek. Mwanzilishi wake, Charles Homsy, alikuwa mhandisi wa kemia aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya DuPont, watengenezaji wa Teflon. Alibuni mchanganyiko alioupa jina la Proplast, na kutokana nao kikatengenezwa kipande cha kuweka ndani ya taya chenye matabaka mawili. Upande mmoja ulikuwa na vitundu ili nyama ijishike, upande wa pili ulikuwa Teflon laini ili mfupa uteleze. Kwenye karatasi, mpango ulikuwa mzuri ajabu.

Tatizo ni kwamba Teflon ilikuwa imeshajaribiwa ndani ya kiungo cha binadamu, na majibu yalijulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 John Charnley, Mwingereza ambaye baadaye alipata heshima ya kuwa baba wa nyonga bandia, aliwawekea mamia ya wagonjwa nyonga zenye kikombe cha Teflon. Baada ya miaka mitatu au minne vikombe vilikuwa vimelika. Unga wa Teflon uliotawanyika uliuchokoza mwili, mwili ukaushambulia, na katika vita hiyo mfupa nao ukaliwa. Charnley alilazimika kuwafungua wagonjwa wake tena mmoja baada ya mwingine. Kisha akafanya jambo ambalo sidhani kamati ya maadili ya leo ingeliruhusu: alijipandikizia unga huo pajani mwake mwenyewe. Vinundu vilivyobaki vilimthibitishia alichokuwa ameshakiona kwa wagonjwa, naye akakiandika katika jarida la Lancet mwaka 1963.

Kwa hiyo Vitek ilipoomba malighafi, DuPont haikukaa kimya. Kumbukumbu za mahakama zinaonyesha kwamba kampuni hiyo iliiarifu Vitek kuwa Teflon yake ni ya viwandani, kwamba haikuwa imeifanyia uchunguzi wa muda mrefu wa kitabibu, na kwamba kulikuwa na maandiko yanayoonyesha ilivyoharibika kwenye nyonga. Ilitoa onyo, kisha ikauza. Teflon iliyoingia katika kipande kimoja cha taya ilikuwa ya thamani ya senti tano hivi za Kimarekani.

Na serikali? Hapa ndipo mtu anapotamani kulitupa faili ukutani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 iliwapa watengenezaji njia ya mkato: ukionyesha kwamba kifaa chako kinalingana vya kutosha na kilichokuwa sokoni kabla ya sheria, hulazimiki kuleta majaribio mapya ya binadamu. Kabla ya 1976 madaktari walikuwa wakitumia vipande vya mpira wa silikoni. Mwaka 1983 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ikakubali kwamba kipande cha Vitek kinalingana na silikoni hiyo, kikaingia sokoni. Takriban vipande 26,000 vilisambazwa. Wengi waliowekewa walikuwa wanawake, kwa sababu wengi wanaotafuta tiba ya maradhi haya ni wanawake, na wengi wao walikuwa na umri wa kulea watoto.

Taya husukumwa kwa nguvu kubwa, na mtu hutafuna na kumeza mara nyingi mno kwa siku. Teflon ilifanya kilekile ilichokifanya kwenye nyonga. Ililika, ikatawanyika, na chembe kubwa za kinga zikakusanyika kuila, zikaula na mfupa. Kichwa cha taya kikayeyuka kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa wengine paa la kiungo lilitoboka. Ikumbukwe kwamba juu ya paa hilo kuna ubongo. Walioingia hospitali kwa sababu taya linaalika walijikuta na meno ya mbele yasiyokutana, maumivu yasiyozimwa na dawa, na upasuaji juu ya upasuaji.

Ripoti za namna hiyo zilianza kujitokeza katikati ya miaka ya 1980. Vitek iliacha kuuza kipande hicho mwaka 1988, na mwaka 1990 ikafilisika. Wagonjwa walipotafuta wa kumshtaki, wakakuta duka limefungwa. Desemba ya mwaka huohuo FDA ikatoa tahadhari rasmi kwa madaktari. Mwaka 1991 ukaanza mpango wa kuwatafuta waliowekewa mmoja mmoja, kazi ngumu kwa kuwa hakukuwa na daftari moja lenye majina yao.

Waliopiga kelele kubwa zaidi ni wagonjwa wenyewe. Huko Milwaukee, tangu mwaka 1986, Terrie Cowley, naye aliyewekewa vipande hivyo, alikuwa ameshaanzisha pamoja na mwenzake chama cha wagonjwa wa kiungo cha taya. Juni 1992 suala hilo lilifika mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi iliyoongozwa na Ted Weiss, na kichwa cha kikao kiliuliza waziwazi kama taasisi za afya za serikali zilikuwa zikizipuuza hatari za vipande vya taya. Mwishoni mwa 1993 FDA iliviingiza vifaa vya taya katika daraja la juu kabisa la hatari, lile ambalo mtengenezaji lazima alete ushahidi kwanza. Miaka kumi baada ya kuruhusu.

Kesi dhidi ya DuPont zilikusanywa mbele ya jaji mmoja huko Minnesota. Kampuni ilishinda, na mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikathibitisha: anayeuza malighafi na kutoa onyo habebi mzigo wa aliyetengeneza kifaa. Mwaka 1998 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwalinda wauzaji wa malighafi za vifaa vya tiba. Kwa hiyo ukipima hesabu yote, muuzaji wa Teflon alipata sheria ya kumlinda, na aliyelika taya alipata barua ya kumtaka akapigwe picha.

Kilichobaki baada ya kuondoa darubini

Nimekaa hapo muda mrefu makusudi, kwa sababu bila balaa hilo ni vigumu kuelewa kwa nini madaktari waliokuwa wakipasua walianza kusikiliza habari za maji.

Mwaka 1986, kipande cha Vitek kikiwa bado sokoni, Bruce Sanders wa California aliripoti juu ya wagonjwa waliokwama ambao walifunguka baada ya kuingiziwa darubini, kuachanishwa nyuzi zilizogandamana na kuoshwa kiungo kwa maji mengi. Wengine wakamfuata. Walipopiga picha za MRI baada ya tiba ya aina hiyo, waliona jambo lililowachanganya: mgonjwa anafungua kinywa, maumivu yamepungua, lakini kisahani kiko kulekule kilikohamia. Nadharia nzima ya kukirudisha kisahani mahali pake, iliyowapeleka maelfu mezani, ilianza kuyumba.

Dorrit Nitzan wa hospitali ya Hadassah, Jerusalem, ndiye aliyelivuta swali hadi mwisho wake. Kama kisahani hakikurudi, na darubini kazi yake ni kutazama tu, basi kinachoponya ni nini? Akaiondoa darubini, akabakiza maji. Sindano moja inaingia nafasi ya juu ya kiungo, ya pili inaingia kando yake. Maji ya drip ya Ringer, yaleyale anayotundikiwa mgonjwa wa kuharisha, yanaingizwa kwa shinikizo kupitia sindano ya kwanza na kutokea ya pili, mililita 200 hivi. Kazi nzima hufanywa kwa ganzi, na mgonjwa huenda nyumbani siku ileile. Mwaka 1991 yeye, Franklin Dolwick wa Gainesville, Florida, na mwenzao Martinez walichapisha matokeo ya wagonjwa 17. Kinywa kilichofunguka wastani wa milimita 24 hivi kabla ya tiba kilifunguka zaidi ya 40 baadaye.

Dolwick huyo hakuwa mgeni katika habari za kisahani. Mwaka 1983 alikuwa mmoja wa wahariri wa kitabu kuhusu visahani vilivyohama, kimoja kati ya vitabu vilivyowapa madaktari sababu ya kufungua viungo. Namheshimu kwa hilo. Si kila bingwa hukubali kuweka jina lake kwenye makala inayopunguza uzito wa kitabu chake mwenyewe.

Wajapani wana haki ya kunung'unika kidogo. Mwaka 1987 Murakami na wenzake walikuwa wameshaeleza namna ya kusukuma maji ndani ya nafasi ya juu ya kiungo huku taya likivutwa kwa mkono. Lakini wao walilenga kukinasa kisahani kirudi. Nitzan alisema kisahani kiachwe kilipo.

Maelezo yake ya kwa nini maji yanafanya kazi yamebishaniwa, ila yanaeleweka haraka. Ute wa kiungo ukiharibika, kisahani hunasa kwenye paa la fuvu namna vioo viwili vilivyoloana vinavyong'ang'aniana: ukivivuta haviachani, ukiingiza maji kidogo katikati vinateleza. Maji pia huondoa kemikali za uvimbe zilizorundikana humo, na wapo waliopima maji yanayotoka na kukuta kemikali hizo zinapungua kadiri uoshaji unavyoendelea.

Baada ya hapo habari inapungua kasi. Watu wameongeza vitu kwenye maji: asidi ya hialuroni, dawa za steroidi, plazma ya damu ya mgonjwa mwenyewe. Darubini nazo zimekuwa nyembamba zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Minnesota wakiongozwa na Eric Schiffman walitoa matokeo ya wagonjwa 106 waliokwama taya, waliogawanywa kwa kura katika makundi manne: dawa na ushauri, mazoezi na kifaa cha kuvaa kwenye meno, darubini, na upasuaji wa kufungua. Baada ya miaka mitano makundi hayakutofautiana. Nadhani ndiyo habari kubwa kuliko zote katika historia hii, na haina picha hata moja ya kuweka gazetini.

Kwetu Afrika Mashariki madaktari wa upasuaji wa kinywa na taya wanafundishwa Dar es Salaam na Nairobi, wala si wachache wanaoijua kazi ya sindano mbili. Tatizo ni njia ya mgonjwa kuwafikia. Anaanza kwa dawa ya sikio. Ikishindikana anakwenda kwa jino, na si ajabu akang'olewa gego lisilo na kosa. Akifika kwa anayejua, miezi imepita, na taya lililokwama miezi mingi ni gumu kulifungua kuliko la wiki mbili. Waziri akizindua mashine ya MRI utepe hukatwa na televisheni zipo. Sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa ajili ya drip ya Ringer, ingawa ipo hadi katika vituo vya afya ambako MRI haitafika karibuni.

Lakini hata maji yasifanywe dawa ya miujiza. Mwaka 2023 jopo la kimataifa lilichapisha mwongozo katika jarida la BMJ kuhusu maumivu sugu ya taya. Lilipendekeza kwa nguvu mambo yasiyohitaji sindano: tiba ya kisaikolojia ya kubadili mawazo na mazoea, mazoezi ya taya, na kukandwa kwa misuli na mtaalamu. Kuosha kiungo lilikuweka upande wa mambo ambayo wagonjwa wengi hawayahitaji, na kukitoa kisahani kwa upasuaji likakukataa moja kwa moja. Mwongozo huo ulihusu maumivu sugu, si taya lililokwama wiki iliyopita. Juu ya huyu wa wiki iliyopita madaktari bado wanabishana, wengine wakitaka kuosha mapema kabla nyuzi hazijagandamana, wengine wakisema apewe kwanza mazoezi na chakula laini.